Mzamivu na Kamba Yake

Wakati wa likizo ya Pasaka mpwa wangu alinitembelea huku Lushoto akiwa na karatasi mbili alizopigiwa chapa kwenye duka la steshenari. Yeye ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari ya kata, wilayani Handeni, na ana shahada ya uzamili aliyoisotea kwa fedha zake mwenyewe. Karatasi zile zilikuwa tangazo la chuo kikuu kimoja cha umma, likiwaalika waombaji wa shahada ya uzamivu katika fani zote. Alinipa nisome, maana bado ana ile imani njema kwamba mzee aliyewahi kuwa mkuu wa chuo cha ualimu hana asilolijua. Nilivaa miwani nikasoma taratibu: sheria, uhandisi, kilimo na teknolojia ya chakula, elimu, insia, sayansi za bahari, biashara, sayansi asilia. Mtu angeweza kuingia kwa tasnifu pekee, au kwa masomo ya darasani na tasnifu. Angeweza kusoma muda wote, au huku akiendelea na kazi. Hakuna aliyeachwa nje.

"Mjomba, unaona?" akasema. "Milango yote iko wazi."

Nikamwuliza mkuu wake wa shule anasemaje. Akasema hajamwambia. Nikamwuliza vipindi vyake atamwachia nani, akacheka, kwa kuwa ndiye mwalimu pekee wa baiolojia kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na kwa sababu ya upungufu anafundisha na kemia. Nikamwuliza ada italipwa na nani. Hapo hakucheka tena. Alizikunja karatasi zake akazitia mfukoni mwa shati, tukaanza kuzungumza habari za mvua.

Naandika haya kwa hasira, na namwomba msomaji anivumilie, kwa sababu sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Nitafika huko.

Tuanze na neno lenyewe. Waliotupatia istilahi ya uzamivu walimtazama mzamivu, mtu wa pwani anayejitosa kilindini kutafuta lulu au kuangalia chombo kilichozama. Nilipofundisha Tanga mjini miaka ya 1980 niliwahi kuwauliza wavuvi wazee namna kazi ile inavyofanyika, na jambo waliloanza nalo halikuwa pumzi wala macho. Lilikuwa kamba. Mzamivu hashuki peke yake. Juu chomboni amebaki mwenzake ameshika kamba, na mvuto mmoja una maana yake, na mivuto miwili ina maana yake. Akitoka na alichokipata, kinamwagwa chomboni mbele ya wote. Lakini Kiswahili chetu, ambacho hakikosi kejeli, kina kuzamia kwingine. Vijana wa bandarini walizamia meli, yaani walijificha ndani ya shehena wakaenda Ulaya bila tiketi, na siku hizi watu wanazamia harusi wasizoalikwa. Huyo naye ni mzamiaji. Hana kamba, hana mwenzake, na akifika anakokwenda aghalabu harudi.

Hoja yangu ni kwamba tunatangaza nafasi za uzamivu bila kuwaandaa washika kamba. Kiti kilicho wazi katika ndaki fulani ya chuo kikuu bado hakijawa nafasi. Kinakuwa nafasi pale mwajiri anapokubali kumruhusu mtumishi wake, msimamizi anapokuwa tayari kusoma rasimu, fedha za miaka mitatu au minne zinapokuwa zinajulikana zitatoka wapi, na watu waliobaki juu wanapongoja kuona kilichopatikana. Pasipo hayo, wenye maswali ya kweli, ambao wengi wao wako kazini, watabaki nchi kavu, na watakaojitosa watakuwa wazamiaji.

Najua nitaambiwa kwamba madaktari wa namna hii tunao wengi mno, na wengine haijulikani walisomea wapi. Nalikubali hilo bila ubishi. Umezuka ugonjwa wa kutanguliza "Dakta" kwenye kadi za michango ya harusi na kwenye mabango ya uchaguzi, hata mtu unaogopa kumsalimu jirani yako kwa jina alilopewa na mama yake. Mwalimu Nyerere alitunukiwa udaktari wa heshima na vyuo vikuu kadhaa duniani, naye akaendelea kuitwa Mwalimu mpaka alipofariki mwaka 1999. Sikumbuki aliyemwona amepungukiwa. Lakini wanaoutumia ugonjwa huo kusema kwamba uzamivu hauna maana wameshikwa na ugonjwa ule ule, kwani nao wanadhani shahada hii ni cheo. Mtu anapewa miaka kadhaa ya kukaa na swali moja ambalo halijapata jibu, akilitazama kwa utaratibu ambao wengine wanaweza kuukagua. Hicho ndicho kinachotolewa. Joho jekundu ni nguo tu.

Na maswali hayazaliwi Mlimani peke yake. Mfano ninaoupenda umetoka mwendo mfupi kutoka hapa nilipo. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Akaogopa kukosa nafasi kwenye jokofu, akaweka maziwa yake yangali ya moto, na yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Aliuliza sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipokwenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena, na darasa likapata mzaha wa kumtania kila alipokosea. Ndipo siku moja akaja kuzungumza na wanafunzi Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado chuo kishiriki. Mpemba akasimama akauliza swali lake mbele ya wote. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka; alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala kwa pamoja, na hadi leo wanafizikia wa dunia wanabishana kuhusu jambo linaloitwa kwa jina la Mpemba, wengine wakilikubali na wengine wakilikataa.

Nimewasimulia wanachuo wangu kisa hiki kila mwaka kwa miaka kumi na mitano, nikitaka wajifunze kutowacheka watoto. Nilichelewa kuona jambo la pili lililomo ndani yake. Osborne alishika kamba. Alikuwa na maabara, alikuwa na fundi wa maabara, alikuwa na wakati, na alikuwa na heshima ya kutosha kuliweka jina la kijana mbele ya jina lake. Mkwawa ile ile tangu mwaka 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha elimu. Nadhani ingefaa sana kila anayeomba uzamivu pale aulizwe kwanza swali lake amelitoa wapi.

Nitaambiwa pia kwamba kuna fani zisizo na faida, kwa hiyo nafasi zielekezwe kwenye zile zinazoleta maendeleo. Hoja hii huletwa na watu wenye nia njema, na ndiyo inayonichosha kuliko zote. Katika miaka ya 1970 Mtanzania mmoja, Keto Mshigeni, alisomea uzamivu wa botania katika Chuo Kikuu cha Hawaii, na alichokitafiti ni mwani. Fikiria kijana wa Upare, nyumbani kwenye tangawizi na mifereji ya milimani, anavuka bahari mbili kwenda kuyasomea majani yanayotupwa ufukweni na mawimbi! Hapana shaka wapo waliotikisa vichwa. Aliporudi Dar es Salaam aliendelea kuhimiza kwamba mwani unaweza kulimwa. Mwaka 1989 kilimo hicho kilianza kibiashara Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na maelfu ya wanawake wakapata fedha iliyopita mikononi mwao wenyewe. Kilimo hicho nacho kimekuwa na matatizo yake, bei ndogo na maji ya bahari yaliyopata joto, mpaka yakahitajika maswali mapya na watafiti wapya. Lakini niambie, msomaji, ni kamati gani ya mwaka 1970 ingeketi ikaweka mwani juu ya orodha ya mambo yenye faida?

Sasa niseme juu ya kurudi, maana mzamivu asiyetoka majini ni msiba.

Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu, na kwamba waende kwa mapendekezo ya mahali pa kazi na ya tawi la chama. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro nyingi, na baadaye ulilegezwa. Kuna waliokataliwa kwa sababu hawakupatana na katibu wa tawi. Mimi ulinifaa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi tangu mwaka 1971, na mwaka 1977 nikaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea historia na elimu. Katika maktaba kuna sehemu iitwayo East Africana, ambako huhifadhiwa maandiko yanayohusu nchi zetu pamoja na tasnifu. Huko ndiko nilikokutana na tasnifu ya uzamivu ya Gilbert Gwassa juu ya kuzuka na kukua kwa Vita vya Maji Maji, aliyoikamilisha hapo hapo Dar es Salaam mwaka 1973. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, lakini nilisoma kurasa zile kama anayesoma barua kutoka nyumbani. Wazee wa Umatumbi walikuwa wakisema ndani yake. Miaka michache kabla, mwaka 1968, wanafunzi wa historia walikuwa wametumwa vijijini kuwahoji waliokuwa hai, na mwenzangu bwenini, mtu wa Kilwa, aliwakumbuka walivyokaa na babu yake barazani wakiandika, huku mzee akiwakemea waandike polepole wasije wakakosea.

Nikamwambia mwenzangu yule, babu yako amo humu. Akataka kumpelekea. Tulicheka kwa muda, kisha tukanyamaza, kwa sababu mzee yule alisimulia kwa Kimatumbi na Kiswahili, na kilichoandikwa kilikuwa Kiingereza, nakala ya kupigwa taipu isiyoruhusiwa kutoka mlangoni. Tasnifu ile ilikuja kutoka kama kitabu mwaka 2005. Ilitokea Köln, Ujerumani, kwa Kiingereza, miaka 100 tangu vita vyenyewe kuanza na miaka 32 tangu tasnifu kukamilika. Simlaumu Gwassa hata kidogo. Kazi yake ni msingi, na wachapishaji wa Ujerumani wamestahili shukrani. Nalaumu utaratibu uliomwacha mzamivu ametoka na lulu mkononi bila chombo cha kuitia. Lililo ajabu ni kwamba chuo kikuu kile kile, mwaka 1969, kilitoa tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, juu ya vita hivyo hivyo. Kwa kuwa iliandikwa kwa Kiswahili, watoto wa shule kutoka Bukoba hadi Mtwara waliicheza jukwaani. Kwa hiyo wananchi wa kawaida walimpata Kinjeketile wa jukwaani, na Kinjeketile wa wazee walioshuhudia wakabaki naye wasomi.

Usiniambie kwamba Kiswahili hakina maneno ya kitaalamu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutupa kamusi sanifu mwaka 1981, na mrithi wake, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, inawasimamia wanafunzi wa uzamivu wanaoandika tasnifu zao kwa Kiswahili tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Na hata tukiacha fani ya lugha, mtafiti wa misitu au wa magonjwa akienda kijijini hupeleka hojaji kwa Kiswahili. Kama lugha ilitosha kuuliza, inakuwaje isitoshe kujibu? Simkatazi mtu kuandika Kiingereza ili asomwe Toronto. Nasema asivishwe joho kabla hajarudi mahali alipohoji watu, akiwa na kurasa ishirini za Kiswahili, akazisoma mbele yao na kuulizwa maswali. Watahini wakali kuliko akina mama wa Kilombero sijapata kuwaona.

Nimewataja wa Kilombero kwa sababu huko kuna mfano wa kazi iliyorudi. Mwaka 1957 Waswisi walianzisha maabara ndogo Ifakara, ambayo baadaye ilikua ikawa taasisi ya afya inayoongozwa na Watanzania. Watanzania kadhaa walipata uzamivu kwa kazi waliyoifanya pale, wengine wakiwa wamesajiliwa Basel. Katikati ya miaka ya 1990 ulianza mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba uhai wa watoto wadogo waliolalia vyandarua hivyo uliongezeka kwa asilimia 27. Mwaka 2004 ikaanza Hati Punguzo, ile karatasi ambayo mama mjamzito alipewa kliniki akanunulie chandarua kwa bei nafuu. Binti yangu alipewa. Hakujua kama karatasi ile ilitokana na tasnifu na makala za watu, wala hakuwa na haja ya kujua.

Tazama kilichowezesha hayo. Swali lilikuwa la mahali, watafiti walikaa mahali, na fedha haikukatika baada ya mwaka. Tofautisha na desturi iliyoenea, ambamo fani zote zimeandikwa kwenye tangazo lakini fedha imeandikwa kwenye mbili au tatu, zile ambazo mfadhili wa mwaka huo anazipenda. Sina ugomvi na wafadhili. Sweden, mathalani, ilianza kusaidia utafiti nchini mwetu mwaka 1977, na wahadhiri wengi walisoma kwa ule mpango ambao wenyewe wanauita sandwichi, mwanafunzi akikaa huku kipindi na kule kipindi, kama nyama kati ya vipande vya mkate. (Siku zote nimejiuliza nani alikuwa anakula.) Mfadhili ana haki ya kuwa na maswali yake. Sisi tuna wajibu wa kuwa na yetu, na kuyawekea fedha, hata iwe kidogo. Mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini mahindi ya Handeni yanaharibika ghalani, au jinsi mabaraza ya ardhi ya kata yalivyokuwa yakiwahukumu wajane, asilazimike kuligeuza swali lake mpaka lifanane na la mtu wa mbali.

Sasa nifike nilikoahidi.

Mwaka 2003 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu cha kanda hii. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia, watoto wamejaa madarasani baada ya ada kufutwa, na nchi ilitaka walimu upesi. Tuliwafundisha wa Daraja A mwaka mmoja chuoni, kisha wakaenda mwaka mmoja shuleni. Chuo kilichojengwa kwa wanachuo 400 kilikuwa na zaidi ya 700. Wakufunzi wa hisabati walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa mgonjwa wa muda mrefu.

Mmoja wa wale wawili wazima alikuwa mama mpole, mwenye shahada ya uzamili, ambaye kila Jumamosi alipopita Mombo kwenda kwao aliwatazama watoto wanaouzia abiria matunda kwenye madirisha ya mabasi. Wale watoto, alinieleza, wanapiga hesabu ya chenji huku basi linaanza kuondoka, na hawakosei. Jumatatu anakwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule ile ile ya Mombo, anawakuta ubaoni, na hesabu ile ile inawashinda. Alitaka kujua kinachotokea kati ya Jumamosi na Jumatatu. Aliandika andiko la utafiti, akakubaliwa na chuo kikuu, akapata na ufadhili wa miaka mitatu. Kilichobaki ni ruhusa ya mwajiri, na barua ya kuiomba ilipita kwangu, kama barua zote za watumishi zinavyopita kwa mkuu wa kazi.

Niliikalisha mezani siku tisa. Nilimheshimu mama yule. Lakini kila asubuhi nilipotazama ratiba niliona vipindi vyake, na kwa kila kipindi wanachuo zaidi ya mia katika ukumbi uliojengewa sitini. Siku ya kumi nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Haikupendekezwa. Upungufu wa wakufunzi." Nikamwita nikamwambia ajaribu tena mwakani. Akasema, "Sawa, Mkuu." Mwakani ufadhili haukuwepo.

Nimejitetea miaka mingi. Nimesema, ningefanyaje? Na kweli, hakuna mtu aliyeniambia kwamba nikimruhusu nitaletewa mwingine. Hakuna fungu lililokuwapo la kumlipa wa muda. Kanuni zilinipa uwezo wa kukataa, hazikunipa uwezo wa kukubali bila kuwaumiza wanachuo mia saba. Ndiyo maana nasema nafasi za uzamivu hazijatangazwa mpaka mwajiri wa yule anayeziomba naye awe ametangaziwa kitu. Mwalimu akienda kusomea swali lililotokana na kazi yake, shule yake ipewe mwalimu wa kushika vipindi, na gharama hiyo ihesabiwe ndani ya ufadhili, pamoja na ada na nauli. Na pale inapowezekana asiondolewe kabisa; swali lake liko pale pale, basi abaki pale pale na vipindi vichache, msimamizi amfuate mara mbili au tatu kwa mwaka badala ya yeye kusafiri kutwa kwenda kumsubiri msimamizi mlangoni. Wahadhiri watasema hawana muda wala gari. Mimi pia nilisema sina mkufunzi.

Lakini utetezi wangu una tundu, na nimelijua tangu siku ile. Ningeweza kuandika "Napendekeza, mbadala atafutwe," nikaiacha ngazi ya juu ikatae. Pengine wangekataa. Pengine wasingekataa. Nilimwokolea mtu wa juu yangu usumbufu wa kufikiri, na nikaita jambo hilo uwajibikaji.

Miaka kadhaa baada ya kustaafu, mpwa wangu huyu huyu wa Handeni alinisomea kutoka kwenye simu yake habari za utafiti uliofanywa Recife, Brazil, na kuchapishwa mwaka 1985. Watafiti waliwafuata watoto watano wachuuzi. Wakiwa wanauza, majibu yao yalikuwa sahihi kwa asilimia 98. Walipopewa hesabu zile zile zikiwa tupu kwenye karatasi, ilikuwa asilimia 37. Watoto watano tu, na walimu wa hisabati wa dunia nzima wameujadili utafiti ule. Nilimwomba arudie kusoma. Tena nikamwomba arudie. Mkufunzi wangu hakuwa ameusikia. Sisi chuoni tulikuwa na kabati moja la vitabu. Alilitoa swali lake dirishani mwa basi.

Mwaka 2022 tulikutana msibani Korogwe. Naye sasa amestaafu. Tulikaa kwenye mkeka mmoja na wazee wengine, tukazungumza habari za marehemu, na nilipopata nafasi nikamwambia kwamba nilikosea mwaka ule. Hakunipunguzia mzigo kwa kuniambia si kitu. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mkuu, lile swali bado ninalo." Wiki mbili baadaye alimtuma kijana wa bodaboda aniletee daftari la kurasa 96, lenye jalada lililoliwa na mende. Alikuwa ameendelea kwenda Mombo Jumamosi zake, bila kibali cha mtu na bila shilingi ya mtu, kwa miaka minne.

Ninalo hapa mezani. Ukurasa wa kwanza ameandika habari za mtoto wa kiume wa darasa la tano. Abiria anataka mafungu saba ya peasi, fungu shilingi 150, na ametoa noti ya elfu mbili. Mtoto anasema: mawili mia tatu, mawili tena mia sita, mawili tena mia tisa, na hili moja, elfu moja na hamsini, shika chenji yako mia tisa na hamsini. Chini yake, kwa wino mwingine, mkufunzi ameandika tarehe ya Jumatatu, na hesabu ya 150 mara 7 kama mtoto yule yule alivyoiandika ubaoni. Alianza kulia, saba mara sifuri, sifuri. Saba mara tano, akaandika 35 yote. Saba mara moja, saba. Jibu lake lilikuwa 7,350, na pembeni mama yule ameandika: "Nimemwuliza kama angemdai abiria fedha hiyo. Amecheka sana. Amesema, hii si ya peasi, Mwalimu, hii ni ya ubaoni."